Wenzangu mnaopunguza mwili, Idi inakuja: kuleni kaimati kwa amani, mchawi wenu yuko kwingine

#1 Binti Ngamiani (mleta uzi)

Asalaam aleikum wadau, na wale wa Bwana asifiwe habari zenu pia, maana haya yatawahusu hata Krismasi ikifika.

Tupo kumi la mwisho la Ramadhani. Kuanzia juzi simu yangu haipumziki, mara shosti huyu mara yule, na swali ni hilo hilo, Idi hii nitafanyaje na mimi nipo kwenye dayati. Mmoja kanitumia voisi ya dakika nne analia, analia kweli sio utani, anasema kajinyima toka Rajabu kapungua kilo 6 na sasa anaogopa kwenda kwao kwa sababu mama yake ana mkono wa visheti. Yaani mtu anaogopa kwenda kumpa mama yake mkono wa Idi kisa visheti! Nikasema hapana, hili nalianzishia uzi, nitaandika nilichopitia mimi mwenyewe, mwenye la kuongeza aongeze.

Mimi ni wa Tanga, Ngamiani, naishi Mbagala mwaka wa kumi na tatu huu. Nina watoto watatu. Nilifika kilo 94 na kimo changu hiki kifupi, magoti yakawa yananiuma nikipanda ngazi za ofisini. Sasa hivi nipo 78 na imenichukua miaka miwili na miezi. Nasema hivyo ili mjue siongei kutoka kwenye vitabu.

Mwaka wa kwanza wa kujipunguza nilienda Tanga Idi nimejiapiza. Hakuna kaimati, hakuna visheti, hakuna biriani, nakula kachumbari na kuku wa kuchemsha basi. Nilikuwa nimepewa karatasi kwenye kituo kimoja cha afya, imeandikwa vyakula vya kupunguza uzito, na kwenye karatasi ile hamna chakula hata kimoja ambacho mama yangu amewahi kukipika. Brokoli, samaki salmoni, mtindi wa Kigiriki. Nikaishika kama Yasini. Usiku wa kuamkia Idi mama yuko jikoni kwenye kigoda, bakuli la unga wa kaimati katikati ya miguu, anakamua kwa mkono wa kushoto, donge linatokeza kati ya kidole gumba na cha shahada, analikata na kijiko alichochovya kwenye maji, linatumbukia kwenye mafuta linazama kidogo halafu linapanda juu limeviringika. Kazi hiyo anaifanya toka mimi sijazaliwa. Za kwanza kutoka huwa ananipa mimi, moja tu, kabla hazijaingia kwenye shira, niangalie kama zimeiva ndani. Mwaka huo akanyoosha mkono na kaimati yangu, nikamwambia mama mimi sili. Akasema onja tu. Nikasema sili. Akairudisha kwenye sinia, akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza, nimekukosea nini mwanangu?

Wadau, nilishindwa kujibu.

Na msidhani nilishinda basi. Idi pili usiku watu wamelala nikaamka kunywa maji, nikaona hotipoti ya visheti, nikala nimesimama, gizani, bila hata kusikia ladha yake vizuri kwa hofu ya mtu kutokea. Sijui vilikuwa vingapi. Asubuhi nikapanda mzani wa wifi yangu ukasoma kilo 3 zaidi ya nilizotoka nazo Dar. Nikajiambia basi imeshaharibika, na nikarudi kula kila kitu mpaka Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi kubwa. Kwa hiyo mama nimemuumiza, raha ya Idi sikuipata na mwili nao ukaongezeka. Nilikosa vyote vitatu.

Sasa kilichonifungua macho ni daftari la fundi cherehani.

Nguo zetu za Idi anatushonea fundi mmoja miaka yote, na ana daftari lake la vipimo, ukurasa wa kila mteja, kila Idi anaandika. Siku moja nimekaa namsubiri nikaanza kufunua ukurasa wangu wa miaka ile kabla sijaanza kujinyima. Idi ndogo mwaka ule kiuno inchi 38. Idi kubwa mwaka huo huo, inchi 38. Idi ndogo iliyofuata, inchi 40. Idi kubwa yake, 40. Halafu 42. Nikarudia kusoma mara tatu. Kati ya Idi ndogo na Idi kubwa ni kama miezi miwili na siku kumi, ndani yake kuna biriani zote na kaimati zote na halua yote ya sikukuu, na fundi hakuandika hata nusu inchi. Inchi zangu zote zilikuja kwenye ile miezi tisa na nusu ambayo hakuna sikukuu yoyote, siku za kawaida kabisa, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Nikakaa nikajiuliza siku zangu za kawaida zikoje. Chai asubuhi vijiko vitatu vya sukari, saa nne chai tena vijiko vitatu, jioni nikirudi chai tena vitatu, hivyo ni vijiko tisa. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kalori 16, zidisha mwenyewe, inakaribia 145. Mchana chipsi mayai na soda ya chupa. Soda ya ml 350 ina sukari kama gramu 37, hapo una vijiko tisa vingine na kalori kama 150. Yaani kalori karibu 300 kila siku ninazokunywa tu, sizikumbuki, hazina utamu wa kumsimulia mtu, hakuna aliyekaa kwenye kigoda usiku kunipikia, na sijawahi kuzionea majuto hata siku moja. Majuto yote nimeyatwisha kaimati za mama!

Ndio maana nasema mchawi yuko kwingine.

Kuhusu ule mzani wa wifi nao niseme, maana huo ndio unaoliza watu. Mafuta ya mwilini kilo moja ni kama kalori 7,700. Ili uongeze kilo 3 za mafuta kwa siku mbili ule zaidi ya kalori 23,000 JUU ya zile mwili unazozihitaji. Mimi kaimati zangu niliwahi kuzipigia hesabu, unga nusu kilo, sukari vikombe viwili, mafuta nikapima kabla na baada ya kukaanga, nikapata kaimati 60 kila moja kama kalori 70. Sasa gawanya 23,000 kwa 70. Ni kaimati zaidi ya 320. Kuna mtu kala kaimati 320 hapa? Hakuna. Kilichoongezeka ni maji. Ukila wanga na sukari nyingi mwili unaweka akiba kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia kama gramu 3 za maji, ongeza chumvi ya biriani na achari nayo inavuta maji, ongeza chakula chenyewe ambacho bado kipo tumboni. Ukirudi kwenye kula kwako kwa kawaida ndani ya siku kadhaa mpaka wiki maji yanatoka na kilo zinaondoka zenyewe bila hata kufanya lolote. Kwa hiyo mtu akipanda mzani Idi tatu asubuhi akalia, analilia maji.

Sijasema Idi haina hesabu kabisa. Inayo. Ila ni hesabu ya siku mbili tatu kwenye mwaka wa siku zaidi ya 350, na kinachoharibu ni lile neno "imeshaharibika" linalogeuza siku tatu kuwa miezi miwili.

Ninavyofanya siku hizi. Kwanza nachagua. Idi mezani kwetu kuna kaimati, visheti, vileja, tambi, mkate wa kumimina, halua, biriani, sambusa, katlesi, juisi na soda. Nilijiuliza nikiondolewa vyote nibakiziwe viwili nitalilia vipi. Jibu likaja papo hapo, kaimati za mama na biriani. Basi hivyo nakula vya kutosha na kwa raha zangu. Soda ipo dukani mwaka mzima, biskuti zipo dukani mwaka mzima, sambusa za kununua nazila Mbagala siku yoyote nikitaka, kwa hiyo hizo Idi nazipita wala siumii. Vileja naonja kimoja kwa heshima ya shangazi. Pili nakula nimekaa, mchana kweupe, mbele za watu, kwenye kisahani, naitafuna kaimati mpaka nasikia iliki yake. Ukila unachokipenda umekaa unatosheka, ukila kwa wizi hutosheki hata umalize hotipoti. Tatu sishindi na njaa kuisubiri biriani, asubuhi baada ya kutoka kuswali nakunywa supu au nakula mayai mawili, maana mtu mwenye njaa ya toka alfajiri akikutana na sinia saa nane hana macho.

Na Idi nne naamka nakula nilivyokuwa nakula. Sijitii njaa kufidia, sikimbii kilomita kumi kujiadhibu. Nusu saa ya kutembea haraka kwa uzito wangu inachoma kama kalori 140, ni kaimati mbili tu, kwa hiyo wazo la kwenda kulipa deni la Idi kwa miguu halina hesabu. Natembea kwa sababu magoti yangu yamepona kwa kutembea.

Karibuni.

#2 Mzee wa Bandarini

Nimeweka kiti hapa. Dada umeniliza na hilo la kaimati ya kwanza, mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo na sasa hivi hayupo, ningepewa moja leo ningekula na sahani yake.

#3 Kitambi Sitaki

Mleta mada mimi nitakupinga kidogo, unisamehe. Kuna sisi ambao ukila moja mlango umefunguka. Mimi nikigusa halua siachi, nitaimaliza kontena nzima na kesho naitafuta nyingine. Kwangu dawa ni kuacha kabisa, sukari sio rafiki. Nimepungua kilo 11 kwa kukata kabisa. Usije ukawapa watu ruhusa wakapotea.

#4 Binti Ngamiani

Kaka Kitambi Sitaki hongera kwa hizo kilo 11, na sikulazimishi, mtu anaujua mwili wake. Kama kuacha kabisa kunakupa amani basi endelea nayo.

Ila nikuulize kwa nia njema, unapoimaliza hiyo kontena unakuwa umetoka kula nini siku hiyo? Mimi niligundua siku ambazo nilikuwa siwezi kuacha ni zile ambazo nimeshinda na kahawa tu na kipande cha tango. Mwili ulikuwa na njaa, halafu naulaumu kwa kukosa adabu. Siku nimekula samaki na kunde nikashiba, halua kipande nakimaliza na kahawa chungu na naweza kunyanyuka. Halua ni nzito, ni wanga na sukari na samli, haikutengenezwa iliwe na kijiko cha supu, wazee walikata kipande kama cha ukubwa wa kidole gumba wakashushia kahawa isiyo na sukari. Jaribu siku moja ukiwa umeshiba. Ukiona bado haikubali basi iache, hamna shida.

#5 Wifi Mkubwa

Shosti nimekuelewa yote ila mimi tatizo langu sio mzani ni MAMA MKWE. Tunaenda Unguja Idi kila mwaka kwa upande wa mume. Nikikataa anasema mke wa mwanangu anajidai, nikila kidogo anasema unaumwa? mimba? mwanangu hakulishi? Na nikila kama anavyotaka anakaa na wenzie barazani anasema huyu mwanamke kanenepa jamani, hajijali. Nifanye nini mimi? Sinia likija ananisogezea nyama na viazi upande wangu kwa mkono wake.

#6 Binti Ngamiani

Pole mwaya Wifi Mkubwa, hilo naliona ni gumu kuliko kaimati zenyewe. Nitakwambia ninavyofanya, utaangalia kama linafaa kwa huyo wako.

Neno "dayati" nimeliondoa kabisa mdomoni nikiwa ukweni. Ukisema dayati mwenye chakula anasikia umemwambia chakula chako kibaya. Nikifika naingia jikoni moja kwa moja, nakata vitunguu, nakoroga, naonja, nasifia kwa kutaja kitu chenyewe sio kusifia kwa jumla, mama hii masala umesaga mwenyewe? Mama mkwe anataka kujua kwamba umekipokea, na kukipokea sio lazima kuwe kwa sahani tatu. Halafu mimi ndiye ninayepakua na kugawa na kusimama kuongeza maji, mtu anayehudumia hakuna anayemhesabia matonge.

Kwenye sinia shika adabu ya zamani, kula mbele yako. Tulifundishwa utotoni kwamba kupeleka mkono upande wa mwenzio ni kukosa adabu, na kumbe adabu ile ndiyo kipimo chenyewe, ukibaki kwenye pembe yako unaona mwanzo wake na mwisho wake. Akikusogezea nyama kula nyama, nyama haina ubaya, wacha viazi vilivyokaangwa vikae. Kula taratibu ili usiwe wa kwanza kumaliza, maana wa kwanza kumaliza ndiye anayeongezwa.

Na akikuuliza unaumwa, mwambie mama nimeshiba alhamdulillah, nikabidhi kaimati za njiani. Chukua za njiani! Mpe hiyo furaha. Zikifika Dar gawa kwa majirani, watoto wa mtaa mzima watamwombea dua.

Ya barazani huna la kufanya. Ukikonda watasema, ukinenepa watasema. Kwetu mtu anasalimiwa "umenenepa" kama anayeambiwa habari za asubuhi, na wengine wanaisema kwa mapenzi kabisa wakimaanisha umenawiri. Mimi nilikuwa nashinda nalia kwa neno hilo moja, sasa hivi nasema asante shangazi tunamshukuru Mungu, na napita.

#7 Kahawa Chungu Muscat

Asalaam aleikum. Nipo Muscat mwaka wa tisa, mambo ni hayo hayo huku. Ukiingia nyumba ya mtu unawekewa halua na tende na kahawa, na siku ya Idi unaweza kuingia nyumba kumi na mbili. Nyumba kumi na mbili kipande kimoja kimoja ni vipande kumi na mbili. Mimi nilichofanya, nyumba nne za kwanza za wazee nakula, zilizobaki napokea kikombe cha kahawa nakunywa nikitosheka nakitikisa, desturi ya huku ukikitikisa kikombe wanajua umetosha na hawakuongezei. Hakuna aliyewahi kukasirika. Nimependa hilo la fundi na daftari, huku kanzu ndiyo inaficha kila kitu, mtu anakuja kushtuka amefika kilo mia.

#8 Binti Ngamiani

Kweli kaka, kanzu na dera ni ndugu! Dera halisemi kitu. Ndio maana mimi mzani nimeuweka pembeni nabaki na tepu ya fundi, mara moja kwa mwezi, usawa wa kitovu, asubuhi kabla sijala. Leo nipo inchi 36.

#9 Mwana wa Kibosho

Mimi sio Muislamu ila nimesoma neno kwa neno kwa sababu Desemba sisi ndio tunaenda nyumbani Kilimanjaro. Kuna ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), kuna kisusio asubuhi, mtori, kiburu, na mbege, pombe yetu ya ndizi, haikatiki kuanzia tarehe 20 hadi mwaka mpya. Nikirudi Dar Januari mkanda unahama tundu mbili. Hesabu yako ya siku tatu kwangu haiingii, mimi ni siku kumi na tano.

#10 Binti Ngamiani

Kaka wa Kibosho hapo umesema jambo, na ni kweli hesabu inabadilika. Siku kumi na tano sio siku tatu, hapo mtu anaweza kuongeza mafuta ya kweli sio maji tu. Na sisi tusijidanganye, Ramadhani nzima nayo ni siku 29 au 30, kuna wanaotoka mwezini wameongezeka kwa sababu kila futari wanaigeuza Idi. Muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, tambi za sukari, kaimati, mahamri, sambusa, vyote siku moja, kila siku, halafu daku ubwabwa.

Kwa hiyo ukiwa na siku nyingi tafuta sikukuu yenyewe ni ipi. Kwenu naamini siku yenyewe ni ile ya ndafu na Krismasi na labda mwaka mpya. Hizo tatu kula. Hizo nyingine kumi na mbili ni siku za kawaida ulizozipa jina la sikukuu kwa sababu uko nyumbani. Mtori hauna ubaya, ni ndizi na nyama, kula. Ninachokitilia shaka ni kinywaji kinachopita toka asubuhi hadi usiku, pombe gramu moja ni kalori 7, na mtu hashibi kwa kunywa. Ukichagua jioni zako za kunywa na nyingine ukapumzika, mkanda utakaa tundu lake. Halafu wewe una milima! Kuteremka sokoni na kupanda kurudi nyumbani Kibosho ni mazoezi ambayo sisi wa Mbagala tunayalipia.

Futari ya kwetu siku hizi ni hivi, tende mbili tatu, maji, uji wa pilipili manga bakuli dogo, halafu NANYANYUKA nikaswali Magharibi. Hizo dakika kumi na tano zinasaidia kuliko chochote, tumbo linapata muda wa kuutaarifu ubongo kwamba kuna kitu kimeingia. Nikirudi mkekani nakula kama mtu. Na kaimati za Ramadhani ni Ijumaa tu nyumbani kwangu, watoto wanazisubiri, na kwa kuzisubiri zimekuwa tamu zaidi.

#11 Mtoto wa Mwisho

Dada shkamoo. Baba yangu ana kisukari anachoma sindano, miaka 67, na Idi anataka halua na kaimati kama kila mtu na sisi watoto tunamnyang'anya sahani mbele ya wageni. Mwaka jana alinuna Idi nzima. Uzi wako unamhusu na yeye au?

#12 Binti Ngamiani

Marahaba mdogo wangu. Hapana, hapa naomba tusimame kidogo, na wengine wenye wagonjwa msome.

Niliyoandika juu ni ya mtu anayepunguza mwili na hana ugonjwa. Mtu wa sindano ni habari nyingine, chakula na dozi vinaenda pamoja, sukari inaweza kupanda na inaweza pia kushuka ghafla na kushuka ni hatari zaidi kwa haraka. Mpeleke kliniki anayohudhuria KABLA ya Idi, sio baada, na waulizeni waziwazi, mzee anataka kuonja halua Idi, tufanyeje. Msijipangie dozi wenyewe nyumbani na msimwache apunguze au aongeze kwa sababu ya sikukuu.

Ila la kumnyang'anya sahani mbele ya wageni naomba muache, kwa heshima zote. Huyo ni mzee wenu. Mama yangu mimi naye ana sukari ya vidonge, na tulichokubaliana na daktari wake ni kwamba akila anakula kidogo baada ya chakula chenye samaki na mboga, sio tumbo tupu, na anapima. Idi iliyopita alikula kaimati mbili. Mbili, lakini alikaa kitini kwake, kwenye kisahani chake chenye maua, na wajukuu pembeni, akazila kwa robo saa. Ukimnyang'anya mzee atakula kwa kujificha kama nilivyokula mimi gizani, na akila kwa kujificha hamtajua kala ngapi. Bora ale mnamwona.

#13 Wifi Mkubwa

Nimesoma hiyo ya za njiani nikacheka peke yangu kwenye daladala, nitaijaribu wallahi. Ila mleta uzi hujatuambia, mama yako mliyamaliza vipi?

#14 Binti Ngamiani

Mwaka uliofuata nilifika Tanga siku moja kabla. Usiku nikaenda jikoni nikavuta kigoda changu nikakaa pembeni yake, sikusema kitu. Akakamua, akakata, za kwanza zikapanda. Akazitoa na kijiko cha matundu, akaziacha zichuje mafuta, halafu akaangalia pembeni kama hanioni. Nikanyoosha mkono mwenyewe. Ilikuwa ya moto nikawa naihamisha kiganja hiki kwenda hiki, nikaipasua, ndani ina matundu matundu, imeiva. Nikamwambia mama iko sawa, ongeza iliki kwenye shira kidogo. Akasema we mtoto toka lini unanifundisha iliki. Basi ikaisha.

Mwaka huo nilikula kaimati zangu, siku zote tatu, na biriani. Fundi aliponipima Idi kubwa kiuno kilikuwa kimepungua inchi moja.

#15 Kitambi Sitaki

Dada nimerudi. Jana nilifuturu samaki na choroko nikashiba kwanza, halafu nikakata halua kipande kama ulivyosema na kahawa. Kilichobaki nimempelekea jirani usiku ule ule ili nisijijaribu. Sikurudi jikoni. Sitasema nimeshinda, ni siku moja tu, ila sikurudi jikoni.

#16 Binti Ngamiani

Kaka hiyo ndiyo habari nzuri ya leo, na kumpelekea jirani ni akili kubwa, na thawabu juu.

#17 Jiko la Makaa

Mleta uzi tunaomba vipimo vya hizo kaimati 60 basi, maana zangu zinanywa mafuta mpaka ukizibonyeza yanatoka.

#18 Binti Ngamiani

Zinakunywa mafuta kwa sababu mafuta yako hayajapata moto wa kutosha, au unga umekuwa mwepesi sana. Unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari kijiko kikubwa kimoja, chumvi chembe, maji ya uvuguvugu unaongeza kidogo kidogo mpaka uwe mzito wa kuvutika sio wa kumiminika. Upige kwa mkono, upige kweli, mpaka usikie unapumua chini ya kiganja. Funika uumuke uwe mara mbili. Mafuta jaribu kwa tone moja, likipanda juu mara moja na mapovu madogo yapo tayari, halafu punguza moto uwe wa kati usiziweke nyingi kwa pamoja zikapoza karai. Shira vikombe viwili vya sukari na kikombe kimoja cha maji, iliki, ichemke mpaka ukiigusa kwa vidole viwili inavuta uzi. Mimi huwa naziviringisha kwenye shira mara moja nazitoa haraka, sizilazi humo, na shira inayobaki kwenye sufuria naweka kwenye chupa, watoto wanatilia kwenye uji wiki nzima.

Ngoja niwaache kidogo, leo ni Ijumaa na wangu umeshaumuka mpaka unasukuma mfuniko.